Sehemu ya Pili ya Dai

Kiplangat hakuwa mtu wa kufuata watu mashambani. Kazi yake ilikuwa kwenye banda la mabati karibu na soko la Sotik, na mwenye mtungi wa maziwa unaovuja au bawaba ya lango iliyokatika alimfuata huko huko. Kwa hiyo Elmina alipoinua kichwa kati ya mistari ya chai akamwona amesimama kwenye njia ya tope, kofia mkononi, alishtuka. Alifikiri kwanza kuna mtu amekufa. Kisha akafikiri ni mambo ya uchaguzi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua zimeanza kwa fujo na uchaguzi umekaribia. Upande ule wa Sotik, ambako shamba la Mkipsigis na la Mkisii hutenganishwa na ua wa miti tu, watu walikuwa wameanza tena kuongea kwa sauti ya chini. Elmina alikuwa Mkisii, Kiplangat Mkipsigis. Katika zile vurugu za uchaguzi uliopita yeye na mumewe Onsongo walihama na watoto na godoro moja, na waliporudi walikuta chai imeota mwitu, nyumba haina mlango. Tangu siku hizo, mtu akija bila kutarajiwa, Elmina alimtazama kwanza mikononi.

"Mama Kepher," Kiplangat akaita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote. "Loice amepiga simu pale dukani. Anatutaka Kericho, sisi wawili pamoja."

"Kuna nini?"

"Hakusema yote. Kuna barua imetoka Ulaya." Akaigeuza kofia mkononi. "Anasema bomba liko na shida."

Bomba lilikuwa la Elmina.

Yeyote aliyewahi kupeleka majani ya chai kwenye kituo wakati wa mvua anaijua shida iliyozaa bomba lile. Unachuma tangu alfajiri, unashindilia majani kwenye gunia, unapanga foleni, halafu lori la kiwanda linakwama mlimani. Majani yaliyobanwa hupata joto kama kitu chenye homa. Karani akija kutia mkono katikati ya gunia anautoa haraka, anatikisa kichwa, na kazi yako ya siku inamwagwa chini ikiwa nyekundu. Msimu mmoja, baada ya kumwagiwa mara nyingi mno, Elmina alichukua kipande cha bomba la plastiki, akakitoboa matundu kwa msumari wa moto, akakisimamisha katikati ya mfuko na kuyajaza majani kandokando yake. Majani ya katikati yalifika yakiwa baridi. Alilipeleka wazo lile kwa Kiplangat ili amtengenezee bomba la bati jepesi. Kiplangat akalitazama sana, kisha akasema hewa inahitaji mlango mkubwa zaidi. Akaliwekea juu kitu kama faneli kilichoinama, cha kudaka upepo wakati lori linakwenda. Watu kituoni walicheka wakakiita pua. Baadaye pua ikapata shingo ya kuzungukia, na mambo madogo madogo mengine, na mfuko ukafanya kazi.

Loice alikuwa binti wa Litein aliyesomea sheria na kufanya kazi Nairobi ya kuwaandikia watu maombi ya hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine wasiige kazi yake. Mara mbili kwa mwezi alikuwa Kericho, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ndiye aliyepeleka ombi lao Kenya, kisha Marekani na Ulaya, kwa sababu wanunuzi wa mfuko kama ule, alisema, wako pia India na Sri Lanka na kwa wenye mashine za chai wa ng'ambo. Alikuwa ameandika majina mawili kwenye nafasi ya wavumbuzi. Elmina aliyatazama siku ile mpaka Loice akamuuliza kama kuna kosa.

Walipofika Kericho mvua ilikuwa inapiga dirisha. Loice hakuzunguka.

"Nitawaeleza polepole, na mkipotea mnisimamishe," akasema. "Kwenye ombi la hataza kuna kurasa nyingi za maelezo na michoro. Lakini sheria hailindi kurasa hizo. Inalinda sentensi zilizo mwisho, zinaitwa madai. Dai ni kama ua wa shamba. Kilicho ndani ni chako. Na kila nchi ina desturi yake ya kulijenga."

"Ua ni ua," Kiplangat akasema.

"Si kweli, mzee. La hapa Kenya nililiandika kwa pumzi moja: mfuko wenye bomba, wenye pua, wenye shingo inayogeuka. Vyote pamoja. Halafu mwisho nikaweka dai fupi la kusema, 'mfuko kama ulivyoelezwa humu na kuonyeshwa kwenye michoro.' Tulirithi mtindo huo kwa Waingereza, na hapa haukuleta neno. Marekani wamelikata hilo la mwisho. Wao hawataki kuambiwa 'kama mchoro', wanataka kila kitu kwa maneno. Lakini ile sentensi ndefu wameiacha nzima."

"Na Ulaya?" Elmina akauliza.

"Ulaya wanataka sentensi ipasuliwe katikati." Loice akachukua karatasi tupu akachora mstari kutoka juu hadi chini. "Upande huu, sehemu ya kwanza, unataja yale ambayo dunia ilikuwa inayajua kabla yenu. Halafu yanakuja maneno, 'na ambao upya wake ni kwamba.' Baada ya maneno hayo, sehemu ya pili, ndipo unataja jambo jipya. Ukiweka kitu sehemu ya kwanza, umekubali kwa kinywa chako kwamba si kipya."

"Sasa bomba liko na shida gani?"

"Wamepata hati ya zamani ya Ufaransa. Mtu alitengeneza mfuko wa kukaushia nyasi za ng'ombe. Una bomba la matundu katikati." Alisita. "Na una faneli juu."

Elmina alimwona mtu yule wa Ufaransa, mtu asiyemjua kabisa, ameinama juu ya mfuko akitoboa matundu kama yeye. Alisikia hasira, kisha akasikia aibu, kama aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake.

"Mimi sikuiba," akasema.

"Hakuna anayesema umeiba, mama. Hukujua, na kutojua si kosa. Lakini bomba itabidi liende sehemu ya kwanza. Na pua vilevile. Mfaransa hakuwa na shingo. Faneli yake ilikuwa imekazwa, haigeuki. Kwa hiyo wakala mwenzangu wa London anapendekeza sehemu ya pili iwe shingo inayogeuka."

Kiplangat alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hapo ndipo kuna jambo la kuzungumza," Loice akaendelea, sasa polepole zaidi. "Ulaya wakiuliza mvumbuzi ni nani, wanatafuta mwenye lile jambo jipya. Mtu ambaye kazi yake yote imebaki sehemu ya kwanza, ni vigumu kumwita mvumbuzi. Marekani sentensi ni nzima, lakini nao ni wakali kuhusu majina. Ukitia jina lisilostahili, au ukiacha linalostahili, mtu anaweza kuja kuivunja hataza yote. Kwa hiyo nawauliza: shingo ilikuwa wazo la nani?"

Wote wawili walifungua vinywa. Loice akainua mkono.

"Msinijibu leo. Nitarudi baada ya wiki mbili. Nendeni mkakumbuke vizuri, kwa sababu mtatia sahihi."

Nje, chini ya baraza la duka, walisimama wakingoja mvua ipungue. Kwa kawaida Kiplangat angesema neno la kuchekesha. Hakusema. Elmina naye hakusema, kwa sababu kichwani mwake jibu lilikuwa tayari na aliogopa lingemtoka: shingo ni yangu. Aliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa ametoka kituoni na hasira, kwa sababu wapakiaji walitundika mifuko ovyo kwenye lori na nusu ya pua zilitazama nyuma. Aliingia bandani akapiga kelele kwamba lazima igeuke. Kiplangat alikuwa amekaa na koleo mkononi, akamsikiliza, na juma lile lile shingo ikatokea.

Lakini nani alimsikia? Bandani walikuwa wawili tu.

Onsongo alipoelezwa, aliweka kikombe chini.

"Nilikwambia," akasema. "Sikukwambia? Mtu hawezi kugawana kitu na fundi. Fundi ndiye ana nyundo. Atasema ni yeye aliyekata bati, na kweli ni yeye aliyekata bati. Wewe una nini? Una maneno. Na mwaka huu, Elmina, na jina letu, nani atasikiliza maneno yako?"

"Kiplangat si mtu wa hivyo."

"Hata wale wa mwaka ule hawakuwa watu wa hivyo. Tulikuwa tunawasalimia kila siku."

Maneno yale yalimwingia Elmina. Alichuma chai vibaya siku zile, akivunja vichipukizi pamoja na majani magumu mpaka mkononi mwake mkawa na takataka. Alijipangia maneno ya kumwambia Loice, akiyasema kwa Kiswahili, akiyarudia kwa Ekegusii, lugha ya kwao, na kila mara yalionekana maneno ya mtu anayeomba. Siku ya soko alikwenda Sotik akajisemea kwamba anakwenda tu kununua chumvi. Alipofika karibu na banda alimkuta Kiplangat amesimama na mtu wa kutoka Bomet, mtu wa koti na mkoba wa ngozi, wameinamia karatasi juu ya meza ya kazi. Kiplangat alipomwona aliikunja karatasi.

"Mama Kepher! Karibu."

"Napita tu," Elmina akasema, na akapita.

Chumvi hakununua. Njia nzima ya kurudi alihesabu yale ambayo mkoba ule ungeweza kuwa nayo: mkataba, hati nyingine ya kusaini, wakala mwingine mwenye sentensi nyingine ambayo jina lake halimo. Alimwona Kiplangat akiuza shingo, naye Elmina amebaki sehemu ya kwanza na Mfaransa na ng'ombe wake. Kanisani Jumapili aliposimama kuimba aligundua wenzake wameketi.

Siku mbili kabla ya kurudi Kericho, mvua ilikata barabara ya kituo. Lori la kiwanda lilifika jioni badala ya mchana, likapakia nusu, kisha gurudumu la nyuma likazama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Wanaume walileta matawi na majembe. Wanawake walisimama kando ya magunia yao. Janefer, jirani ya Elmina, mjane aliyekuwa na shamba dogo kuliko wote, alikuwa amepiga magoti amefungua mdomo wa gunia lake na kutia mkono.

"Yameanza kuwaka," akasema. "Elmina, njoo ushike. Yameanza."

Elmina alishika. Joto lilimpanda mpaka kiwiko. Aliyatoa majani ya katikati kwa viganja vyote viwili, wakayatandaza juu ya kanga yake chini ya paa la kituo, lakini mahali hapakutosha. Karani alikuwa ameketi juu ya mizani yake akiwatazama.

Mfuko wa Elmina mwenyewe ulikuwa tayari umetundikwa kwenye lori. Alipanda kwenye kizingiti cha nyuma, akapenyeza mkono. Majani yalikuwa baridi kama yalivyokuwa asubuhi. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani na pua ilikuwa imeugeukia yenyewe, ikitetemeka kidogo. Pembeni yake mpakiaji alikuwa anapanga ndoana upya. Alikuwa na mmoja wa mifuko ya kwanza kabisa waliyoijaribu, ile ya pua isiyogeuka, ambayo Elmina alimwazima mtu na hakurudishiwa. Pua yake ilikuwa inatazama upande usio na upepo.

"Geuza mfuko!" Elmina akamwambia kwa ukali. "Mara ngapi? Mnafaa kufundishwa, kila mfuko ugeuzwe utazame mbele!"

Mpakiaji akaugeuza akinung'unika. Elmina akabaki ameshika chuma cha lori, mdomo wazi.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema siku ile bandani. Hayo hayo, na kwa sauti ile ile. Hakuwa amesema pua igeuke. Alikuwa amesema mifuko igeuzwe, wapakiaji wafundishwe, karani awasimamie. Alikuwa amekwenda kumwomba Kiplangat amchoree alama ya rangi kwenye kila mfuko ili mpakiaji ajue upande wa mbele. Kiplangat aliisikiliza hasira yake yote, akasema, "Wacha kwanza nijaribu kitu." Na kitu chenyewe kilikuwa shingo.

Alishuka kwenye lori. Akamsaidia Janefer kumwaga yaliyoharibika kwenye mtaro, na Janefer alilia kidogo bila sauti, akajifuta kwa mkono wenye majani. Elmina alimfunga kanga mabegani. Mpaka jioni ile alikuwa ameogopa kuibiwa. Sasa alijua kwamba kama angekwenda Kericho akasema maneno aliyoyapanga, mwizi angekuwa yeye. Na alijua vilevile kwamba kama Kiplangat hakumbuki, hakuna mtu duniani ambaye angegundua.

Hakumwambia Onsongo. Alijua angemwambia nini.

Safari hii walifika Kericho mapema na wakangoja kwenye ngazi. Kiplangat alikuwa amevaa koti la harusi. Macho yake yalikuwa mekundu, na Elmina akawaza kuwa labda naye hakulala. Alitaka kumuuliza habari za mtu wa mkoba. Alitaka kumuuliza mambo mengi. Badala yake akasema mvua ni mbaya, na Kiplangat akasema ni mbaya kweli.

Loice aliwakalisha, akaweka karatasi yenye mstari mbele yao.

"Haya," akasema. "Shingo."

Kiplangat aliruka kusema kabla pumzi ya Elmina haijakaa. "Andika ni ya Mama Kepher."

Elmina aligeuka akamtazama.

"Una hakika?" Loice akauliza.

"Alikuja bandani akasema zigeuke. Mimi nilikata bati tu. Andika yeye." Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo barabarani ili aondoke. "Bomba ni lake, shingo iwe yake. Na mimi mniandike mahali pa fundi, kama pako."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kalamu ya Loice ilikuwa tayari imegusa karatasi, na kimya kingefanya kazi yote. Alifikiri juu ya Onsongo, na jinsi angerudi nyumbani na kumwambia, nao wangefurahi pamoja siku moja au mbili. Kisha alifikiri siku ambazo zingefuata.

"Hapana," akasema. "Sikusema hivyo."

"Mama?"

"Nilisema mifuko igeuzwe. Nilitaka rangi ipakwe, wapakiaji wafundishwe. Wazo la pua kugeuka yenyewe halikunijia. Lilimjia yeye." Akamgeukia Loice. "Nilisahau. Siku hizi zote nilikuwa nimejiambia ni langu, na ningekuja hapa leo nikaapa. Nimekumbuka juzi kituoni."

Kiplangat alikuwa amejishika paji la uso. Ilionekana anacheka, kisha ikaonekana hacheki.

"Mzee," Loice akasema, si kwa ukali, "kwa nini uliniambia ni yake?"

"Sikuwa na hakika. Nakumbuka alipiga kelele na kuna kitu kinageuka. Halafu..." Akamtazama Elmina, akatazama pembeni. "Halafu kuna watu wamekuja bandani. Wameanza kusema, umefanya vizuri, mtoe huyo Mkisii, hiyo kitu iwe yetu. Watu wa kura. Nikaona, nikisema shingo ni yangu, hata kama ni kweli, itakuwa nimefanya kile wanataka. Na nyinyi upande ule mtasema Kiplangat amekula haki ya mama wa watu. Nikashindwa kulala. Nikasema afadhali niiachilie tu."

"Yule wa mkoba?" Elmina akauliza kabla hajajizuia.

"Wa Bomet? Huyo ni wa ushirika wa maziwa. Anataka mitungi." Kiplangat akashangaa. "Nilificha karatasi kwa sababu nilikuwa nimekosea hesabu ya mfuniko mbele yake. Wewe ulifikiri ni nini?"

Elmina aliinamia karatasi yenye mstari. Uso ulimwaka moto.

Loice aliweka kalamu chini. Kisha akarudi kwenye kazi yake. "Sikilizeni. Sheria haijali nani anaogopa nani. Jina la mtu asiye na wazo halifai, hata kwa huruma, na hasa Marekani lingetumaliza. Kwa hiyo shingo ni ya Kiplangat. Tumemaliza hilo." Akavuta michoro ya mfuko. "Sasa niambieni kitu. Wakala wa London ameandika 'shingo inayogeuka.' Mkaguzi akiniuliza, inageuzwa na nini, nimjibu nini? Mtu anaigeuza kwa mkono?"

"Hapana," Kiplangat akasema. "Upepo."

"Upepo unajuaje pa kuisukuma?"

"Si kuna ule mkia."

"Upi?"

Kiplangat akaweka kidole kwenye mchoro, kwenye kibati kidogo kilichosimama nyuma ya pua. "Huu. Mimi nilipofanya shingo peke yake, ilikuwa kama mlevi. Lori likiruka shimo, pua inazunguka, inatazama popote. Nikataka kuiacha. Mama Kepher akaenda nayo nyumbani, akarudi ameifunga hapa nyuma kipande cha kopo la mafuta ya Kimbo kwa waya. Ikatulia. Ikawa inafuata upepo yenyewe. Mimi nilichukua tu hicho kipande nikakichomelea vizuri."

"Kipande cha kopo," Elmina akasema. "Hicho kilikuwa kiraka tu. Mambo ya jikoni."

Loice alifunua kurasa za nyuma za ombi akapitisha kidole. "Nimeuweka mkia kwenye dai la sita. Chini kabisa, kama pambo." Alikuwa anajisemea zaidi kuliko kuwaambia. "Hata London hawakuuona kuwa muhimu. Na bila huo shingo haifanyi kazi?"

"Haifanyi kitu," Kiplangat akasema. "Nilishasema. Mlevi."

"Basi mkia hauwezi kukaa dai la sita. Lazima upande juu, uungane na shingo." Akaanza kuandika, akafuta, akaandika tena. Mvua ilikuwa imepungua na sauti za soko zilianza kupanda kutoka chini. Mwishowe akasoma kwa sauti, taratibu, akitafsiri kutoka Kiingereza alichokiandika:

"Mfuko wa kubebea majani mabichi, wenye bomba la matundu lililosimama katikati, na pua ya kudaka upepo juu ya bomba hilo, na ambao upya wake ni kwamba pua imeshikwa na shingo inayogeuka, na shingo hiyo ina mkia unaoielekeza pua kwenye upepo."

Elmina alisikiliza mpaka mwisho. Bomba lilipita mapema, kabla ya yale maneno, na lilipopita kitu kilimchoma. Ndilo alilolipenda. Ndilo aliloliwaza usingizini na kulitoboa kwa msumari wa moto mpaka vidole vikaungua. Mkia hata hakukumbuka siku aliyoufunga.

"Kwa hiyo niko wapi?" akauliza.

"Sehemu ya pili. Nyote wawili." Loice akasukuma karatasi mbele yao. "Na Kenya na Marekani bomba lako bado liko kwenye sentensi na vitu vingine vyote. Ila ujue, mama, nitaiandikia Marekani kuhusu hati ya Mfaransa. Ni sheria yao. Labda huko nako wataupunguza ua."

"Labda," Elmina akarudia. Neno lile halikumpa raha. Lakini alichukua kalamu akatia sahihi, na Kiplangat akatia ya kwake chini yake, kwa herufi kubwa.

Kwenye ngazi Kiplangat alisimama akavaa kofia. "Mama Kepher, wale wa kura wakirudi bandani nitawaambia nini?"

"Waambie shingo yako ilikuwa mlevi."

Alicheka safari hii kweli, akisema "kongoi, kongoi," asante ya kwao, akatangulia barabarani akiruka madimbwi kwa koti lake la harusi.

Onsongo alipoelezwa usiku wa siku ile aliuliza swali moja tu, kama Elmina angekiri hivyo hata kama Kiplangat angedai shingo ni yake. Elmina alisema hajui. Ilikuwa kweli, alilifikiria mara nyingi baadaye na hakupata jibu.

Uchaguzi ulikuja ukapita. Walikaa siku kadhaa vitu vyao vimefungwa kwenye magunia nyuma ya mlango, wakilala na viatu, halafu asubuhi moja Elmina akayafungua magunia kwa sababu alihitaji sufuria. Mvua iliharibu barabara mpaka mwaka mpya. Kiplangat alitengeneza mifuko mingine na wa kwanza ulikwenda kwa Janefer.

Barua ya Ulaya ilichelewa sana. Ilipokuja, Loice aliwasomea kwa simu, Elmina na Kiplangat wamebana masikio kwenye mkonga mmoja pale dukani: sentensi imekubaliwa kama ilivyopasuliwa. Wavumbuzi wawili. Kiplangat alimpiga mwenye duka begani. Kisha Loice akasema kuna jambo dogo, wameandika Elvina badala ya Elmina, lakini ni kosa la mashine ya kuchapa na atawaandikia walirekebishe.

"Itachukua muda gani?" Elmina akauliza.

"Mwezi, miwili. Usiwe na wasiwasi, mama."

Alikuwa na wasiwasi. Mwezi wote na ule uliofuata, kila alipopita Sotik aliingia dukani kuuliza kama Loice amepiga simu, na mwenye duka alianza kumjibu "bado" kabla hajafika mlangoni.